Lazima kwa Nani

Nimefundisha Kiswahili shule ya msingi mpaka nikastaafu, na katika lugha nzima hakuna neno ninalolichukia kama kijineno "ya". Watu hunicheka nikisema hivyo. Wanadhani uzee umenifikisha mahali pa kugombana na herufi. Lakini najua "ya" moja ilivyotufanyia, mimi na mume wangu na mama yangu mzazi, na nikiikumbuka hasira inanipanda kama siku ileile niliyosimama kwenye uwanja wa mkutano, jua likinichoma kisogo, watu wa nyumbani kwetu wakinitazama kama mgeni.

Mume wangu alikuwa fundi wa kukereza vyuma katika kiwanda cha kuchambua pamba. Alikuwa Mhaya, Mlutheri, mtu wa kupiga shati pasi hata kama anakwenda kushika grisi. Serikali ilipoanza kujitoa kwenye biashara kiwanda kikayumba, wafanyakazi wakapunguzwa, naye akawemo. Mafao yake mengine hayakutoka. Mahali pake wakampa mashine ya kukereza iliyokuwa imetupwa nje, inanyeshewa. Mwingine angelia. Yeye alikodi lori, akaileta nyumbani kwetu Mabatini, akaisimika uani na kuanza kuikwangua kutu huku akiimba nyimbo za kwaya. Nami Msukuma wake nikamtania kwamba Mhaya hata ukimpa chuma kibovu atakitundika ukutani aseme ni shahada. Alicheka mpaka akakaa chini. Wakati ule alikuwa mwepesi wa kucheka.

Nchi nzima ilikuwa ruksa. Ruksa kuuza, ruksa kununua, ruksa kuleta chochote kutoka popote. Mitumba ilijaa mabarabarani. Pembeni ya ziwa viwanda vya minofu ya sangara vilichipuka kimoja baada ya kingine, minofu ikapanda ndege kule Ilemela, na sisi tukaachiwa vichwa na mifupa tukavibatiza mapanki na kuvikaanga. Wengine walitajirika, siwezi kukataa. Ila nimekuwa nikijiuliza, imekuwaje katika nchi iliyoruhusu kila kitu mume wangu akakatazwa kitu kimoja tu, na hicho kimoja ndicho kilichokuwa kinahitajika.

Kitu chenyewe ni valvu ya pampu ya maji.

Kijijini kwetu, ambako ukipanda gari Buzuruga asubuhi unafika kabla ya chakula cha mchana, wafadhili walikuwa wamechimba kisima na kufunga pampu ya mkono. Mama yangu alikuwa mjane, anaishi peke yake jirani na kisima hicho. Kabla ya pampu alikuwa akiteka ziwani kama wenzake wote, na kuteka ziwani miaka ile hakukuwa tena kama tulipokuwa watoto. Magugumaji yalikuwa yamevamia. Yalifunika ufukwe kijani kibichi ukadhani ni shamba, na ili upate maji unayapenya mpaka kiunoni, huoni unakanyaga nini. Humo mna konokono wa kichocho, mna nyoka, na mamba naye amejifunza kulala humo. Jirani wa mama alitoka humo siku moja mguu umechanwa kutoka goti kwenda chini, na kijiji kizima kilisema amepata bahati.

Pampu ilipofungwa, mama aliacha kwenda ziwani. Mimi huku mjini nikaanza kulala vizuri.

Halafu valvu ikafa. Valvu ni kijitu cha kushikwa kwa kiganja, kinakaa chini kabisa ndani ya bomba. Ukivuta mpini kinafunguka maji yapande, ukishusha kinajifunga yasirudi. Kikichakaa, unaweza kupampu mpaka mikono ing'oke, utapata upepo tu. Wanakijiji wakamwandikia wakala wa pampu hizo, aliyekuwa Dar es Salaam. Wakala akajibu kwamba valvu za pampu za zamani haziletwi tena, kampuni huko nje imetoa pampu mpya iliyo bora zaidi, wanakaribishwa kununua. Wafadhili walikuwa wameshafunga virago. Mama akabeba ndoo zake akarudi ziwani.

Hakulalamika. Mama yangu si mtu wa kulalamika. Alikuja kututembelea, akaketi, nikaona ngozi ya miguu yake imekuwa na mabaka ya ajabu, anaikuna bila kujijua huku akiniuliza habari za wanafunzi wangu. Mume wangu naye aliona. Mwisho wa juma alibeba spana zake na kamba, akaenda kijijini, akaivuta ile valvu kutoka chini ya bomba, akaja nayo mezani pangu ninaposahihishia madaftari na kuifungua kipande kimoja kimoja.

"Aliyebuni hiki ana akiri," akasema. Mhaya hata asome vipi, herufi ya L humponyoka. "Tazama, hung'oi bomba. Unavuta kwa kamba tu inapanda. Mimi nisingeriwaza hiri."

Nasema haya ili ijulikane kwamba hata siku moja hakudai kuwa ni wazo lake. Aliiga, na alisema ameiga. Alikereza shaba, akakata raba, akajaribu, akatupa, akakereza tena, mpaka ikakaa. Siku aliyoifunga, maji yalitoka na kijiji kikapiga vigelegele. Habari haina mguu lakini hufika: vijiji vya jirani vilivyokuwa na pampu za aina hiyo vikaanza kuja Mabatini kuulizia kwa fundi. Uani kwetu kukawa na watu kila wiki, wamebeba valvu zilizokufa kwenye vikapu kama wagonjwa.

Akaja pia bwana mmoja mstaarabu, shati jeupe, viatu havina vumbi. Akasifia kazi, akanunua valvu moja, akashukuru, akaondoka. Nilimpa hata maji ya kunywa. Baada ya muda mume wangu akaitwa mahakamani.

Hapo ndipo nilipokutana na neno hataza. Nilikuwa nimefundisha Kiswahili miaka mingi na sikuwa nimewahi kulitamka. Nililitafuta kwenye kamusi nikiona aibu, kama mpishi anayeuliza chumvi ni nini. Kumbe ni haki ambayo serikali humpa mtu aliyebuni kitu, kwamba kwa muda fulani hakuna mwingine atakayekitengeneza bila idhini yake. Kampuni ya pampu ilikuwa na hataza ya valvu ile, iliyoandikishwa hapahapa nchini. Nikamsomea mume wangu. Akafikiri.

"Kwa hiyo si ruhusa ya kutengeneza," akasema. "Ni ruhusa ya kukataza."

"Ndivyo."

"Basi wanatumia sawasawa. Hawatengenezi, wanakataza."

Wakili wetu alikuwa kijana wa Kagera aliyesimama nyuma ya mume wangu kwenye kwaya, upande wa besi. Alijitolea kwa moyo wake wote, na sina neno baya juu yake, ingawa nimejaribu kulitafuta. Alitueleza kwamba kesi yenyewe itachukua muda, lakini kampuni imeomba kwanza zuio la muda, yaani mume wangu asimame kutengeneza mpaka shauri liishe. Akasema jaji atapima mambo mawili matatu, na kubwa ni hili: nani ataumia kwa namna ambayo haiwezi kufidiwa baadaye.

Nilifurahi kusikia hivyo. Nilijiambia, kama ni mizani ya kuumia, tumeshinda. Nikavaa gauni langu la Pasaka nikaenda kukaa nyuma ya chumba cha mahakama. Wakili wa kampuni akasimama, akazungumza kwa Kiingereza kizuri, karani akamtafsiria mume wangu kwa sauti ya chini: soko litaharibika, jina la bidhaa litachafuka, hasara isiyofidika. Wakili wetu naye akasema ya kwake, kwamba huyu fundi ana familia. Nilikuwa nangoja waseme habari za ufukwe, za magugu, za mguu wa jirani uliochanwa. Hawakusema, kwa sababu mama yangu hakuwa upande wowote katika shauri lile. Kulikuwa na kampuni na kulikuwa na fundi. Maji hayakuwa na wakili.

Jaji hakuwa mtu mbaya. Alisikiliza, aliandika, aliuliza. Zuio likatolewa.

Mume wangu alifunika mashine kwa turubai, akaanza kuchomelea bawaba za milango na majiko ya mkaa. Watu wa vijijini walikuja bado na vikapu vyao, anawarudisha mlangoni. Wengine walidhani anaringa, wengine kwamba anataka kuongezewa bei. Valvu ya kijijini kwetu ilikuwa bado mpya, inavuta vizuri, lakini alijua raba ile haina maisha marefu, na ikiisha hataruhusiwa kukata nyingine. Kila mara mama alipotuma salamu kwamba maji yapo, yeye alihesabu kichwani raba imebakiza muda gani, namwona.

Ndipo wakili akaja jioni moja baada ya mazoezi ya kwaya, uso umemchangamka. Amesoma sheria upya, kuna mlango. Sheria hiyohiyo ya hataza inasema kwamba mwenye hataza akiikalia, hatengenezi kitu hicho nchini wala hakileti cha kutosha, na watu wanakihitaji, mtu mwingine anaweza kwenda mahakamani kuomba apewe leseni ya kukitengeneza. Mahakama ikiridhika, mwenye hataza anatoa, apende asipende, na analipwa haki yake. Inaitwa leseni ya lazima.

Mume wangu alimwomba arudie. Akarudia. Sijawahi kumwona mtu akisikiliza vifungu vya sheria kama anasikia Habari Njema.

Kulikuwa na masharti. Kwanza lazima umwombe mwenyewe kwa ustaarabu. Tukamwomba, wakala akajibu kwamba hakuna haja, pampu mpya zipo dukani. Pili, na hapa ndipo penye uzito, lazima mahakama ione kweli watu wanakihitaji kitu hicho na hawakipati. Nani ataonyesha? Wenye kiu. Wakili akasema tuwapate wanakijiji wachache waje waapishwe, waeleze walivyokaa bila valvu, walivyoandika wakajibiwa, walivyorudi ziwani. Wakisema hayo tu, inatosha. Nikasema hilo ni jepesi, ni kwetu, mwenyekiti wa kijiji nimecheza naye utotoni.

Tukaenda watu watatu, wakili, mume wangu na mimi. Mkutano ukaitishwa uwanja wa shule. Walikuja wengi, mama yangu akiwamo, ameketi na wanawake wenzake kwenye nyasi. Shikamoo na marahaba zikazunguka mpaka zikaisha. Wakili akasimama na suti yake.

"Ndugu wananchi," akasema, "tumekuja kuwaomba mtusaidie kupata leseni ya lazima."

Uwanja ulipoa. Nilihisi kabisa, kama darasa linavyopoa mkaguzi akiingia.

Lazima nieleze. Msimu huohuo watu wa halmashauri walikuwa wamepita na mgambo. Leseni ya mtumbwi, leseni ya baiskeli, leseni ya kuuza mapanki. Kodi ya kichwa ndiyo usiseme, wanaume walikuwa wanashinda wamejificha kwenye mapango ya mawe mlimani mchana kutwa, wanawake wanawapelekea ugali. Wafadhili walipoondoka tuliambiwa maji nayo yatachangiwa. Kwa hiyo leseni kijijini kwetu halikuwa neno la karatasi. Lilikuja na rungu.

Mzee mmoja akanyoosha mkono. "Leseni ya kuteka maji?"

"Hapana, mzee. Leseni ya valvu."

"Valvu si ndiyo inayotoa maji?"

"Ndiyo."

"Basi ni hiyohiyo."

Mama mmoja akauliza, "Na mwenye ndoo ndogo naye lazima?"

Wakili akaanza kufafanua. Akataja hataza, akataja mwenye hataza, akataja mahakama, kiapo, ushahidi, na kila neno alilotaja lilikuwa msumari mwingine. Alipofika kwenye "mtaitwa" niliona vijana wawili wa nyuma wanaanza kurudi kinyumenyume.

Mwenyekiti akanigeukia. "Mwalimu, wewe ni mtoto wetu. Tuambie bila kutuficha. Lazima kwa nani?"

Hilo lilikuwa swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa nikiwa mwalimu. Leseni ya lazima. Ile "ya" imekaa katikati, imefunga mdomo. Haisemi nani analazimishwa na nani analazimisha. Leseni ya lazima inaweza kuwa leseni ambayo lazima uwe nayo, na inaweza kuwa leseni ambayo lazima utoe, na mtu aliyefukuzwa na mgambo wiki iliyopita hana sababu ya kuchagua maana ya pili.

"Lazima kwa mwenye kampuni," nikasema. Nikarudia kwa Kisukuma, kwa maneno ya nyumbani kabisa. "Mahakama itamlazimisha yeye, tajiri, atoe ruhusa, atake asitake."

Wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, walicheka kama watu wazima wanavyomcheka mtoto aliyesema mwezi umemfuata njiani.

"Tajiri alazimishwe?" mwenyekiti akasema, anafuta machozi. "Umepata kuona?"

Sikuwa nimepata kuona. Nilisimama pale na maana sahihi mdomoni, na nilijua kwamba maisha yao yote yanawaambia nimekosea. Nilikasirika. Niliwakasirikia wao kwa kutonisikiliza, nikakasirika zaidi kwa sababu walikuwa na haki ya kutonisikiliza.

Mume wangu akaona tunazama, akajitosa. Akasimama, kofia mkononi. "Wazee wangu, msiogope. Reseni si yenu. Reseni ni yangu mimi. Mimi ndiye ninayetakiwa kuwa nayo."

Wakacheka tena, safari hii wakiyacheka matamshi yake. Ila kwa wanawake kwenye nyasi hakuna aliyecheka, na mama alikuwa anamwangalia mkwe wake kwa jicho la kumhurumia, nikadhani ni kwa sababu ya kuchekwa.

Mwishoni mwenyekiti akasema wamejadili, wameelewa, mashahidi watakuja. "Tumeelewa!" wakaitikia wote kwa pamoja. Darasa likiitikia hivyo kwa pamoja, mwalimu yeyote anajua hakuna aliyeambulia kitu. Lakini nilitaka mno kuamini.

Siku ya shauri tulifika mahakamani mapema, tukasimama kwenye veranda tukitazama barabara. Magari ya kutoka kwetu yalishapita. Wakili akachungulia saa, akaingia, akatoka, akachungulia tena. Tulipoitwa ndani bado hakuna aliyefika.

Wakili wa kampuni hakuhitaji maneno mengi. Alikuwa na kiapo cha yule bwana wa shati jeupe na picha zake. Alikwenda kijijini, alisema, kujionea mwenyewe hiyo shida ya maji inayotajwa. Picha zikapitishwa. Ni kisima chetu, nilikitambua kwa ufa wa saruji. Pampu imesimama haina mpini. Bomba limefunguliwa juu, ndani hamna kitu, ni tundu tupu limezibwa kwa gunzi la hindi. Aliuliza nani ameiharibu, akaambiwa haijaharibiwa, wenyewe wameifungua, hawaitaki.

"Mheshimiwa," wakili yule akasema, na karani akatafsiri, "itakuwaje mahakama iambiwe watu wanahitaji valvu, ilhali valvu waliyokuwa nayo wameing'oa kwa mikono yao?"

Mume wangu alinigeukia. Jaji akamwuliza wakili wetu kama ana kiapo hata kimoja cha mwanakijiji. Hakuwa nacho. Aliomba muda, jaji akatazama karatasi zake akasema muda ulishatolewa.

Tafsiri ya jambo lile niliipata baadaye pale stendi ya Buzuruga, kwa mwanamke wa kwetu aliyeleta furu wakavu kuuza. Alinikumbatia akicheka. Akasema kijiji kilikaa chini baada ya sisi kuondoka, kikaona njia. Wenye leseni wakija wakikuta maji yanatoka, kila ndoo itadaiwa. Wakikuta pampu haina utumbo, watamtoza nani? Wakaifungua. Na kweli walikuja, watu na kamera, wakazungukazunguka wakaondoka mikono mitupu. "Tumewakomesha, mwalimu!" akasema. Akanipa furu wa kupika, wa bure, kwa furaha.

Nilishindwa kumwambia. Nilimshukuru kwa samaki.

Hukumu ilipokuja ilikuwa fupi. Ombi la leseni ya lazima limekataliwa, haja ya umma haikuthibitishwa. Zuio sasa ni la kudumu, mpaka siku hataza itakapofikia mwisho wake, na wakili alipotuambia siku hiyo iko mbali kiasi gani mume wangu alitingisha kichwa tu kama mtu anayekataa kuongezewa chai. Na zaidi ya hapo, valvu zote alizozitengeneza, zilizo karakana na zile alizozifunga vijijini, azikusanye mwenyewe azikabidhi mahakamani ziharibiwe.

Nilimchukia jaji kwa hilo, nilimchukia bwana wa shati jeupe na maji niliyompa, niliwachukia watu wa kwetu na werevu wao. Mume wangu hakumchukia mtu. Ningependa angechukia. Alichukua spana na kamba akaanza kuzunguka. Vijiji vingine walimpa bila neno. Kwingine wanawake walikaa juu ya kisima wakakataa kuondoka mpaka alipowaonyesha muhuri, na mmoja akamwambia mbele za watu kwamba mtu anayerudi kunyang'anya alichotoa ana roho ya kichawi. Aliniambia hilo kwa utulivu, anakula, kama anavyonisimulia bei ya saruji.

Kwetu alikuweka mwisho, na akaniomba twende wote. Nilielewa. Kwa desturi yetu mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni wala hawaongei ana kwa ana, anatakiwa mtu wa katikati wa kupokea neno la huyu na kumpa yule, hata wakiwa wamesimama karibu kiasi cha kusikiana. Naye alikuwa na neno zito la kumfikishia.

Tulimkuta mama anaanua muhogo. Aliniona, akamwona mume wangu amesimama mlangoni mwa ua, amegeukia upande kama inavyopasa, na uso wake ukachanua. Hakunipa nafasi ya kufungua mdomo. Aliingia ndani, akatoka na kitu amekifunga kwenye kanga yake nzuri, ile ya kuendea kanisani.

"Mwambie mkwe wangu kitu chake hiki hapa, kizima," akasema. "Wenzangu walitaka kukitupa ziwani. Nikakataa. Nilisema huyu mtoto wa watu amejisimamisha mbele ya kijiji akasema leseni ni yake, anatafutwa yeye. Wakiiona kazi ya mkono wake humo bombani wamemfunga. Nikawaambia tuitoe kwanza, mimi nitaificha. Wamepiga picha weee, hawakuiona. Nimekuwa nikiilalia."

Nikamgeukia mume wangu. Alikuwa amesikia kila neno, lakini desturi ni desturi, ikabidi nimwambie. Nilimwambia yote, sentensi baada ya sentensi, mama akiitikia kwa kichwa kuhakikisha sijaacha kitu.

Akakaribia akiwa ameinamisha macho, akapokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo.

"Mwambie mama nashukuru," akasema. "Mwambie sijawahi kutunziwa kitu namna hii."

Nikamwambia. Mama akapiga makofi mepesi ya furaha.

"Muurize ataifunga rini," akasema, akimwigiza kumtania, utani ambao mama mkwe haruhusiwi na ambao hakuwahi kuufanya kabla.

Nikageuka. Nikamwuliza mume wangu ataifunga lini. Alikuwa ameishikilia kanga ile kifuani, anatazama ardhi. Nikasubiri neno la kumpelekea mama. Halikuja.

"Basi usimharakishe," mama akasema, mwenyewe, bila kupitia kwangu. "Mwenzako amechoka. Ziwa halijahama."

Akaokota ndoo yake penye kizingiti, akatwambia tukae, asiende mtu kabla hajatupikia, anakwenda kuleta maji.